Siku Nyundo Bila Mupini Walipokuwa Wawili

Wewe uliyefungia karanga ndani ya gazeti la wiki iliyopita, nitakukumbusha kwa kifupi, na usiniombe mara ya pili.

Jina langu Symphorien, mstaafu wa reli, mkaaji wa Sakania. Tangu miaka makumi ine na mbili watu wa Sakania wananiita Licencié, maana yake mtu aliyemaliza masomo makubwa pa kampasi ya Lubumbashi. Wananiletea barua niwasomee, mashitaka niwaandikie, hata watoto wao wachanga niwachagulie majina. Na wiki iliyopita nilikiri mbele yenu jambo ambalo padri wetu hajalisikia mpaka leo: pale kampasi sikukaa darasani hata saa moja. Nilikuwa kinyozi.

Kiti kimoja, kioo chenye ufa, chini ya ngazi za nyumba ya kulala wanafunzi. Elimu yangu niliiokota: kitabu kilichosahauliwa kitini, sauti ya profesa iliyopita dirishani, kurasa walizonipa nipangusie wembe. Nimesoma nusu ya historia ya dunia. Nusu ile ingine niliipangusia wembe.

Niliwaeleza pia namna kwaya ya parokia yetu ilivyoalikwa kuimba pa kampasi ile ile, katika konseri ya makwaya, Jumamosi saa tisa. Nilijaribu kuugua mgongo, halafu tumbo, halafu jino ambalo liling'olewa zamani. Bibi yangu Marie-Thérèse, mke wangu wa ndoa, akanivalisha koti na kofia, akanipandisha gari kama mzigo wa unga. Ijumaa tulilala kwenye ukumbi wa parokia moja ya mtaa wa Bel-Air, wanaume upande huu, wanawake upande ule, Yesu katikati akituchunga. Hapo njo niliwaacha.

Sasa endeleeni.

Jumamosi asubuhi Marie-Thérèse aliamka na uso wa mtoto wa komunyo ya kwanza. Alikuwa amepindia vitambaa vya shingo vya kwaya nzima, kila kimoja pindo la kijani, maana kwake rangi zingine Mungu aliziumba kwa ajili ya watu wasiojua kushona. Alijifunza kazi ile hapa hapa Bel-Air, kabla ya kuolewa, mwaka mmoja alipokaa kwa shangazi yake na kusoma kwa masista. Lakini kampasi, aliniambia mara nyingi, hakuikanyaga. Alitaka kuiona leo. Alitaka dirisha langu, kitanda changu, na mlango nilioingilia siku ya kutetea kitabu changu cha mwisho.

Mtaniuliza, mzee mwenye wajukuu anaogopa nini.

Naogopa hivi. Baba yake alikuwa mkubwa wa stesheni, mtu mwenye kofia na masharubu, na alisema binti yake hatapikia mwanaume mwenye mikono ya mafuta. Alifukuza mafundi wa reli, alifukuza mwalimu mmoja, alifukuza mtu mwenye baiskeli mbili. Mimi nilifika na tai ya mteja aliyeisahau, na maneno thelathini ya Kifaransa ambayo hata mimi sikuyaelewa vizuri. Mzee alilia kwa furaha. Nilipewa binti kabla ya soda kuisha.

Tangu siku ile Marie-Thérèse anaitwa Madame Licencié. Ana benchi lake misani. Na mwaka fulani, jirani yetu mmoja alipogunduliwa kwamba kazi aliyosema anafanya hakuifanya kamwe, bibi yangu ndiye aliyemsaidia mke wake kufunga vyombo. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia kwamba mwanaume wa uongo mudogo unamupiga kelele, lakini wa uongo mukubwa unamuachia uongo wake, unatoka na masufuria.

Masufuria yetu ni kumi na moja. Nimeyahesabu mara nyingi.

Basi tukaenda kampasi, watu ishirini na wane wenye vitambaa vya pindo la kijani, tukitembea kama shule ya chekechea iliyozeeka. Mbele alikuwa Clovis, mkubwa wa kwaya. Clovis ni mtu wa forodha aliyestaafu. Maisha yake yote alifungua mifuko ya wengine pa mpaka, na sasa mifuko imekwisha anafungua maneno ya wengine. Mimi hajaniamini tangu siku niliyomsahihisha Kifaransa mbele ya askofu.

Wanafunzi walitupita, kila mmoja na simu mbele ya uso kama padri na monstransi. Wakati wangu walikuwa wanapita na vitabu. Hawakuvisoma, lakini walivibeba, na mkono ulipata mazoezi.

Marie-Thérèse akanivuta mkono, akauliza dirisha langu ni lipi. Nikaonyesha la gorofa ya tatu, kwa sababu lilikuwa mbali. Akalitazama kwa muda mrefu, macho yake yakilowa. Clovis naye akalitazama. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta sukari chini ya unga, kwamba pale dirishani pameanikwa nguo za ndani za mabinti.

Nikamjibu kwamba zamani ilikuwa nyumba ya wanaume, na mabinti walifuata joto tulilolibakisha.

Kwaya ikacheka. Clovis hakucheka. Alikuwa ameisha kunusa mfuko wangu.

Hapa ni lazima niwaeleze desturi, maana wengi wenu elimu mliipitia kwa mbali kama mimi, ila ninyi bila wembe. Pale kampasi mwanafunzi mpya anaitwa bleu. Mkongwe anaitwa poil. Kutoka bleu kufika poil si mtihani. Ni ubatizo. Bleu ananyolewa kichwa chote, anakoga maji yenye vitu nisivyoweza kuviandika ndani ya gazeti la kifamilia, halafu anapewa jina la ubatizo, jina la kumcheka. Jina lile ni lake mpaka kufa. Hakuna watu wawili wenye jina moja, na yote yameandikwa ndani ya kaye kubwa, daftari la zamani, ambayo kamati ya ubatizo inairithishana kama watu wengine wanavyorithishana kiti cha ufalme.

Najua, kwa sababu kamati iliniita mimi kila mwaka na wembe wangu. Nimeshika vichwa vya mawaziri wawili, majaji, madaktari, na askofu mmoja kabla hajapata wito. Ndani sijui kulikuwa na nini. Inje ni vichuguu na mabonde. Kuna kimoja kilivunja nyembe tatu, mwenyewe akiendelea kulala usingizi. Ule leo anafundisha falsafa.

Na tulifika, bahati ya mtu aliyelaaniwa na mashangazi wote, siku ya ubatizo.

Walitukatia njia mbele ya ile nyumba, vijana kama thelathini, wamegeuza makoti ya maabara ndani inje, kijiko kinaning'inia shingoni. Mkubwa wao aliitwa Guelord, kijana mwenye ndevu saba ambazo alizipapasa moja moja. Nyuma yao bleus walikuwa wamepiga magoti, na mifagio mikononi.

Akauliza, kwa heshima ya watu wanaokusudia kukosa heshima, kama katikati yetu mna bleu ao poil.

Clovis alikuwa amengojea swali lile maisha yake yote.

"Sisi bengine tuko bageni tu," akasema. "Lakini huyu vieux, muzee wetu Licencié, ni mutoto wa hapa. Mumuulize ye."

Guelord akavua kofia. Wote wakavua. "Vieux, mutusamehe. Donc, muko poil?"

Bibi yangu alikuwa amenishika mkono. Nilisikia vidole vyake vikikaza kwa fahari. Ungekuwa wewe ungesema nini?

"Poil wa kweli," nikasema. "Mama yako alikuwa hayazaliwa bado."

Wakaniuliza maswali. Poil wa zamani akirudi ni lazima ajibu, ndiyo sheria. Bleu anaingia ubatizoni kwa mguu gani? Kwa magoti, nikajibu, mguu ni wa watu. Maji ya ubatizo yanakorogwa na nini? Na kiatu cha kushoto cha rais wa kamati. Baba wa ubatizo, anayeitwa parrain, anakaa wapi? Nyuma, kwa sababu harufu. Nilijibu yote bila kupumua. Nilikuwa pale miaka mitatu nikiangalia kutoka upande wa wembe, na anayeshika wembe anaona vizuri kuliko anayenyolewa.

Vijana wakapiga makofi. Marie-Thérèse aliinua kidevu, akawatazama wenzake wa sauti ya pili mmoja mmoja.

Halafu Guelord akauliza jina langu la ubatizo, na msichana mmoja akafungua ile kaye.

Jina la kubuni lingekosekana ndani ya kaye. Nilihitaji jina la kweli, la mtu asiyeweza kuja kulidai. Wafu njo watu wazuri kwa kazi ile. Na mimi nilikuwa na mfu wangu.

Mwaka wangu wa kwanza pale, waliniletea bleu mmoja mwenye kichwa kirefu mbele, kirefu nyuma, na shingo kama kidole. Wakampa jina Nyundo Bila Mupini. Alikuwa hatulii. Wembe ukamteleza nyuma ya sikio la kushoto, damu ikatoka kama amechinjwa, na yeye akaruka kitini akakimbia, akavuka kampasi, akapotelea mjini na kitambaa kichwani. Siku tatu hatukumwona. Niliisha kufunga mzigo wangu nikimbilie Zambia. Siku ya ine akarudi, anatabasamu peke yake kama mtu aliyelewa. Jeraha lilikuwa limeshonwa, lakini si kwa mkono wa munganga wa hospitali. Limeshonwa na uzi wa nguo, points saba, mishono saba, safi kama pindo la kitambaa cha meza, isipokuwa ule wa mwisho. Nilimuuliza ni nani aliyemshona. Akanicheka, akasema kinyozi hawezi kuelewa.

Miaka ishirini nyuma, msafiri mmoja pa stesheni ya Sakania aliniambia Nyundo alikufia Ulaya. Nikamuombea. Si sana.

"Nyundo Bila Mupini," nikasema.

Msichana wa kaye akaweka kidole kwenye mstari, halafu akakiondoa kama kaye imemuuma. Guelord akaziacha ndevu zake.

"Vieux," akasema polepole, "Nyundo Bila Mupini ni Professeur Edouard. Eko pale mu ofisi. Ye njo atafungula konseri leo."

Nitalikuta lile lisafiri la Sakania lililomzika mtu hai, hata kama ni mbinguni, na nitaliomba tiketi.

Nilisema kuna makosa, watoto wa siku hizi hawajui kusoma maandishi ya zamani. Guelord alinijibu kwa upole kwamba sheria ni rahisi. Jina likiwa na wenyewe wawili, mmoja ni mwizi. Mwizi ananyolewa siku ile ile, hata angekuwa na umri wa Nuhu, anapewa mufagio, anasimama na bleus mbele ya jukwaa wakati wa konseri, na kabla ya wimbo wa kwanza anatangaza kwa sauti yeye ni nani hasa, na kazi gani alifanya.

Mbele ya ukumbi mzima. Mbele ya sauti ya pili. Niliona masufuria kumi na moja yakipanda gari, moja nyuma ya lingine.

Nikamgeukia Marie-Thérèse. Alikuwa ameniachia mkono. Aliuliza tu, bila kunitazama, kama wamesema Edouard. Wakasema ndiyo. Akashika kitambaa chake cha shingo, akakinyoosha, ingawa kilikuwa kimenyooka. Mimi nilidhani ni haya. Mwanaume anayesoma nusu ya historia anaelewa nusu ya mambo.

Mmoja akatumwa kumwita profesa. Mimi nikakalishwa. Na mnajua walinikalisha wapi? Chini ya ngazi. Kiti cha plastiki, lakini pahali ni pale pale, hata msumari wangu wa kutundikia kioo ulikuwa bado ukutani. Nimezunguka maisha yangu yote ili nisionekane tena chini ya ngazi zile, na nikarudishwa kwa mkono, kwa heshima, na kwaya nyuma.

Wakaleta beseni na wembe mupya. Clovis ndiye aliyeomba kushika beseni. Hakuwahi kushika kitu kwa furaha namna ile, hata ndoa yake.

Kijana aliyepewa wembe aliushika kama kijiko cha uji. Nilivumilia kidogo. Halafu mkono wangu ukaenda wenyewe, nikamrekebisha kidole gumba, nikamwambia wembe unalazwa, hausimamishwi.

"Tiens," akasema Clovis. "Licencié, mambo ya wembe ulijifunza wapi?"

Nikamjibu kwamba historia ya wembe tuliisoma mwaka wa pili. Hata mimi niliona uongo ule umechoka.

Profesa akaja. Nilimtambua kabla ya uso wake kuonekana, kwa kivuli. Nyundo inaota kutu, lakini haigeuki shoka. Suti ya rangi ya majivu, kofia, na nyuma yake wasaidizi wawili wa kubeba hewa. Akanitazama. Uso wake haukusema kitu, wale watu wanafundishwa. Lakini mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe mpaka nyuma ya sikio, ukagusa, ukashuka.

Amenijua, nikasema moyoni. Mwili una kumbukumbu kuliko diploma.

"Banasema niko bawili," akasema. "Niko na furaha. Kazi itapunguka."

Vijana wakacheka kwa daraja, wenye mwaka wa mwisho kwanza. Yeye hakucheka. Akaeleza, kwa sauti ile ya watu waliozoea wengine kuandika wanapoongea, kwamba hakuna haja ya kaye wala maswali. Nyundo Bila Mupini wa kweli ana alama kichwani. Kinyozi mmoja wa pale, mtu asiyejua hata kusoma jina lake, alimkata siku ya ubatizo. Mwenye jina avue kofia, waone.

Mtu asiyejua hata kusoma jina lake.

Ndugu zangu, nilikaribia kujimaliza mwenyewe. Kile kitabu chake cha mwaka wa kwanza nilikimaliza mimi yeye akiwa amelala kitini kwangu, mate yakimtoka. Nilimwekea hata alama pahali ambapo mwandishi aliruka hesabu. Nilikuwa na maneno mdomoni, nilitaka kusimama, niseme kinyozi yule ni mimi, nilete kitabu chochote tusome, wewe mstari mmoja na mimi mstari mmoja, tuone nani ataomba maji. Kuokoa heshima ya kinyozi ilikuwa lazima nimpoteze Licencié. Kumwokoa Licencié ilikuwa lazima nimeze lile tusi.

Nikalimeza. Mpaka leo liko hapa kifuani, linageuka.

Guelord akaomba, vieux, mutoe kofia.

Chini ya nywele, kichwa changu ni safi kama sahani, bila kovu. Hakijawahi kuguswa na kinyozi mwingine tangu nioe, kwa sababu kinyozi anamjua kinyozi mwenzake kwa namna anavyokaa. Ni Marie-Thérèse anayenipunguza nywele, kila wiki mbili, uani, na mkasi wake wa kushonea na wembe. Anajua kila nukta ya kichwa hiki. Anajua kwamba hakuna kitu.

Nikaona afadhali asikie kwangu kuliko kwa beseni la Clovis. Nikamwita karibu. Nikaanza, polepole, nikisema Mama Lydie, niko na neno. Lydie ni binti yetu wa kwanza, na jina lile silitumii isipokuwa kwenye matanga.

Hakuniacha nimalize.

"Alama iko," akasema.

Hakuniambia mimi. Alimwambia profesa. Alipita mbele ya kiti changu, akasimama kati yangu na wembe, mikono imefungwa tumboni, kama anaposubiri sauti ya kwanza imalize ili aingie.

"Mie njo namunyolaka, miaka yote. Alama iko nyuma ya sikio ya kushoto. Eko sawa ndoano. Points saba." Akanyoosha pindo la kitambaa chake. "Ya saba ilienda kombo, juu alikuwa anatingizika."

Hata bleus waligeuza vichwa, nao walikuwa na maji masikioni.

Profesa Edouard alimtazama bibi yangu. Halafu akanikaribia. Akaondoa kofia yangu yeye mwenyewe, akaweka vidole viwili nyuma ya sikio langu la kushoto. Vidole vilikuwa baridi. Vilipita pale, vikarudi, vikapita tena. Ngozi yangu ilikuwa laini kama ya mtoto. Yeye alijua. Mimi nilijua. Alikaa na vidole pale muda wa kusali Baba Yetu, bila kuharakisha.

"Iko," akasema. "Points saba."

Macho yake hayakuwa juu yangu hata kidogo.

Akawaambia vijana kwamba mwaka ule kamati ililewa, ikatoa jina moja mara mbili, na kinyozi mwenye mkono mbaya akakata wawili pahali pamoja. Wakaamini. Mtu akiwa na suti ya rangi ya majivu unaweza kumwamini hata akikuambia mvua inanyesha kwenda juu. Wakaniinua kitini, wakanizungusha, wakaniimbia. Clovis akaweka beseni chini kama mtu aliyenyang'anywa mtoto. Wenzake wa sauti ya pili wakampongeza Madame Licencié. Jina limeokoka. Benchi limeokoka. Masufuria yako pahali pake.

Nilicheka na wao. Nilicheka vizuri, kwa maneno makubwa ya Kifaransa, mpaka waliponishusha chini, na miguu ikagusa saruji, na akili nayo ikashuka.

Kwa miaka makumi ine na mbili nimemwambia Marie-Thérèse uongo wa kila namna. Nimemwambia mitihani ambayo sikufanya, marafiki ambao hawakuzaliwa, profesa Mubelgiji aliyelia nilipoondoka. Lakini ile alama sikumwambia. Singeweza. Kueleza alama ni lazima ueleze wembe, na kueleza wembe ni kujieleza mimi. Hakuna mtu aliyeniona nikimkata isipokuwa kamati, na kamati ilikuwa imelewa. Na hakuna mtu pale kampasi aliyejua point ya saba ilienda kombo kwa sababu gani. Hata mimi sikujua. Nilidhani uzi ulivutwa vibaya.

Ule uzi, nilisahau kuwaambia. Ulikuwa wa kijani.

Nikamtafuta kwa macho. Vijana walikuwa wameisha kuondoka na mifagio yao, kwaya ilikuwa inajipanga kwenda ukumbini, Clovis akipiga kelele za vitabu vya nyimbo. Yeye alikuwa bado chini ya ngazi. Profesa alikuwa mbele yake, na alikuwa amevua kofia, kitu ambacho hakukifanya kwa mtu mwingine yeyote siku ile. Kichwa kilikuwa cheupe, kirefu mbele, kirefu nyuma.

Nilifika karibu kiasi cha kusikia.

"Na shangazi yenu wa Bel-Air," alimuuliza, "eko muzima?"

Marie-Thérèse aligeuka, akaniona. Hakushituka. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa akikadiria akate wapi.

"Baba Lydie," akasema, "tangulia na benzako. Mie nakuya."

Nikauliza kama nimwachie koti langu, upepo umeanza. Akasema hapana. Halafu akakaa, taratibu, akijinyoosha kitambaa cha pindo la kijani, juu ya kile kiti, chini ya msumari wa kioo changu.

Mule ukumbini wakaniweka mstari wa mbele wa viti, na heshima zote. Saa tisa ikafika, kwaya yetu ikaitwa, sauti ya kwanza ikaingia. Upande wa sauti ya pili kulikuwa na pengo la mtu mmoja. Na kile kiti kikubwa cha mbele kabisa, cha mtu wa kufungua konseri, nacho kilikuwa tupu. Bleus walikuwa wamesimama mbele ya jukwaa na mifagio yao, vichwa vinang'aa, na nilimwonea wivu kila mmoja wao.

Mimi nilikuwa na nywele zangu zote. Afadhali wangeninyoa.